Majina ya Mtoa Habari

Tusekile Mwambene aliweza kuiona koma iliyokaa pasipo pake hata kabla hajavaa miwani, na jambo hilo hakulificha. Wengine hujisifia watoto wao au ng'ombe wao. Yeye alijisifia marejeo. Tangu akabidhiwe dawati la Mkaguzi Mkuu wa Marejeo, Jarida la Migomba na Udongo, linalochapishwa na Taasisi ya Ndizi pale Tukuyu, halikuwahi kufuta rejeo hata moja, na ukimpa nafasi angekusimulia habari hiyo tangu chai ya asubuhi mpaka mvua ianze. Kwa Tukuyu, ambako mvua haikawii, huo si muda mrefu, ila unatosha kumchosha msikilizaji.

Asubuhi hiyo kioo cha dawati lake kilikuwa na muswada wa Dakta Lugano Kajula, mtafiti kijana wa magonjwa ya mimea. Jambo lenyewe lilikuwa zuri. Dakta Lugano alikuwa amethibitisha kwamba sisimizi wanaoishi kwenye shina la mgomba huhama kabla majani hayajaanza kunyauka, hivyo mkulima mwenye macho anaweza kuung'oa mgomba mgonjwa kabla haujaambukiza shamba zima. Lakini orodha yake ya marejeo ilikuwa kama bustani iliyopitiwa na mbuzi. Majina ya ukoo yamekaa mwisho badala ya mwanzo, miaka imetoka nje ya mabano, majina ya majarida hayakulazwa kwa herufi za mlalo. Tusekile alifurahi sana. Muswada uliokuja safi ulimnyima kazi, na yeye hakupenda kulipwa kwa kukaa.

Alinyoosha rejeo moja baada ya jingine, kisha akaanza sehemu aliyoipenda kuliko zote, ya kuwauliza wenyewe.

Maana enzi hizo rejeo lilikuwa linajibu. Mtu akishanukuliwa zaidi ya mara elfu moja, sheria ilimpa kivuli. Mashine ilikusanya kila alichoandika na kila alichorekodiwa akisema, ikaviunganisha vikawa kitu cha kuulizwa na kujibu, hata kama mwenyewe alikwisha kufa. Mwandishi akidai kwamba fulani alisema hivi, mkaguzi alikiuliza kivuli cha huyo fulani. Kikijibu "Nilisema," rejeo limesimama. Kikijibu "Sikusema," mwandishi atajiju. Wale ambao hawakufika mara elfu walifunguliwa vitabu vyao na kusomwa, kama zamani. Tusekile aliwahi kuwaona maprofesa wa kimataifa wakilowa jasho wakisubiri jibu la marehemu, na hakuwaonea huruma.

Rejeo la sisimizi lilikuwa la Mtoa Habari.

Mtoa Habari hakuwahi kuzaliwa. Waanzilishi wa Jarida waliweka kanuni kwamba mtu asiyechapisha chochote haandikwi jina kwenye orodha. Mkulima, mkunga, mchunga ng'ombe, mama wa sokoni, wote waliomwambia mtafiti jambo la maana, waliandikwa kwa neno moja, Mtoa Habari, nao wakalivaa kwa zamu kama koti la mlinzi. Majarida mengine yaliiga. Miaka ikapita, watafiti wakanukuu na kunukuu, na siku mashine ya vivuli ilipoanza kuhesabu ikakuta kwamba mwandishi aliyenukuliwa kuliko wote barani ni huyo. Mashine haikuuliza maswali. Ikazikusanya rekodi zote za zamani zilizowekwa kwa neno hilo, ikazikata kila sauti peke yake, ikampa kivuli.

Na kivuli hicho kilipendwa. Wakulima walikipigia alfajiri kabla ya kwenda shambani. Shule zilikiuliza habari za mvua. Kwenye lango la Taasisi palikuwa na kibao cha shaba kilichosema kwamba hapa ndipo nyumbani kwa Mtoa Habari, na Tusekile mwenyewe ndiye aliyesahihisha nukta za kibao hicho.

"Mtoa Habari, habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri. Umeamkaje?"

"Salama. Umenukuliwa hivi: sisimizi huhama shina la mgomba kabla ya mnyauko. Ulisema?"

"Nilisema, mwanangu. Ukiwaona wanashuka na mayai yao, usisubiri jani. Ng'oa. Na panga ulilotumia liunguze kwanza, dada, usilipeleke kwenye mgomba mwingine. Mimi nilipoteza shamba la juu lote kwa sababu ya panga, mama, nisikufiche."

Mwanangu, dada, mama. Ofisini kila mtu aliijua tabia hiyo, na vijana wa mitambo waliiita mafua ya mashine. Tusekile alikuwa ameisikia mara nyingi mno hata haikumshughulisha tena. Lakini Jumapili iliyopita jikoni kwake palikuwa na wageni, mama yake mkubwa, jirani yake na fundi aliyekuja kutengeneza bomba. Yeye alikuwa amewapa mgongo anamenya ndizi. Mmoja alimwita mwanangu, mwingine dada, mwingine mama, naye aliwajibu wote bila kugeuka, kwa kuwa alijua nani ni nani kwa namna walivyomwita. Sasa kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha rejeo, yaani kulipitisha, na hakikushuka.

"Nani ameniita mwanangu?" aliuliza.

Swali hilo kivuli hakikuwahi kuulizwa.

"Mimi. Ikupa Mwakalinga, wa kijiji cha Masoko."

"Na aliyeniita dada?"

"Asegelile Mwaisumo. Nimekaa hapahapa kwa Ikupa."

"Na wewe wa shamba la juu?"

"Nsajigwa Mwankenja, mama. Nilikuwa napita tu, nikakuta wanazungumza na yule mtafiti, yule dada mwenye kifaa."

Tusekile alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akijipiga kifua kwamba hakuna rejeo lililompita likiwa na jina lililokosewa, kumbe hili limempita likiwa halina jina kabisa.

*

Profesa Gwamaka, Mhariri Mkuu, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa adabu, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Dakta Lugano alikaa pembeni yake, ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Kwa hiyo unataka kulifungua," alisema Profesa.

"Nataka kuwaandika wenyewe. Majina yao yamo kwenye rekodi, walijitambulisha kama watu wote wanavyojitambulisha. Mimi nitaandika Mwaisumo, Mwakalinga na Mwankenja, mwaka, mahali, mazungumzo ya ana kwa ana. Ni rejeo la mstari mmoja."

"Bi Tusekile, wewe unajua kuliko mimi kwamba rejeo likifunguliwa kwenye muswada mmoja, linafunguka kote. Kila mtu aliyemo ndani ya Mtoa Habari atarudi kwenye rekodi yake. Huyu ana dakika nne, yule ana dakika moja na nusu. Wamenukuliwa mara ngapi kila mmoja?"

"Hawafiki elfu. Hakuna hata mmoja anayefika."

"Basi hawatakuwa na kivuli. Mtu akipiga alfajiri hatajibiwa." Profesa aliinama mbele. "Usidhani nawaza kibao cha shaba peke yake. Ninakiwaza, sitakudanganya, mimi ninajivunia kile kibao. Lakini kuna mama huko Isongole anakiuliza kivuli hicho habari za udongo wake kila wiki. Utamwambia nini?"

Tusekile aliandika neno Isongole pembeni ya karatasi yake.

"Kuna jingine," Profesa akaendelea. "Siku ya Kusomwa. Kila rejeo lazima lijibiwe mbele ya watu. La kivuli litajibiwa na kivuli, la kitabu litajibiwa na mwenye kitabu mkononi. Hawa watatu hawana kivuli wala kitabu, na rekodi peke yake haikubaliwi, labda asimame mtu aliyewajua. Ukiliita rejeo lao ukumbini na likakosa mtu wa kulijibu, muswada wa Dakta Lugano umeanguka, na wewe utakuwa umefuta rejeo la kwanza katika historia yako. Mbele ya wilaya nzima."

Dakta Lugano aliweka kikombe mezani. "Mama, mimi ningependa waandikwe," alisema. "Lakini naogopa. Nimetembea na hao sisimizi misimu mitatu. Muswada ukianguka, hauruhusiwi kurudi mpaka mzunguko mwingine, na migomba haitatusubiri."

"Najua, mwanangu."

"Saini ni yako, Bi Tusekile," alisema Profesa. "Sitakulazimisha. Ukiacha neno Mtoa Habari lilivyo, hujavunja kanuni yoyote."

Hilo ndilo lililomchoma. Maisha yake yote kanuni ilikuwa upande wake, na leo ilikuwa inamwambia akae tu, mambo yako sawa.

*

Alirudi dawatini akafunga mlango. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hata akalazimika kusogea karibu na spika.

"Nimekuja kuwauliza jambo," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kutumia wingi, na ulimi ulimwia mzito. "Nikiwaandika majina yenu, kivuli hiki kitazimika. Rekodi zitabaki na mtu ataweza kuzisikiliza. Ila hamtajibu tena."

Zilikuja sauti nyingi katika sauti ile moja, na safari hii alizisikia zinapokezana.

"Niandike, mwanangu. Mimi nilisema jina langu mwanzoni kabisa. Nilidhani ndilo wanaloandika."

"Tuache, dada. Hapa tuna wenzetu. Nikirudi kwenye ile rekodi yangu nitakuwa peke yangu na jogoo anayewika nyuma."

"Mimi sijui, mama. Wewe ungefanyaje?"

Kulikuwa na wengine, kutoka Kyela, kutoka Makete, kutoka kwingine ambako hata lafudhi yao hakuitambua. Kuna waliosema ndiyo, kuna waliosema hapana, na mmoja aliuliza kama mvua imeshanyesha huko nje. Tusekile alimwambia inanyesha. Akasema hewaa, basi mbegu ziko salama.

Alikuwa ametumaini wangempa jibu moja ili lawama isiwe yake. Hawakumpa. Alishika tama kwa muda mrefu akimfikiria mama wa Isongole na udongo wake, na aliumia, maana Profesa hakusema uongo. Sauti ile ilikuwa inasaidia watu. Lakini kila alipojaribu kubonyeza kitufe cha kulisimamisha rejeo kama lilivyo, alimsikia Ikupa: nilidhani ndilo wanaloandika. Kazi ya mkaguzi, alivyofundishwa na alivyowafundisha wengine, ni kumshika msomaji mkono mpaka mlangoni kwa mtu aliyesema. Mlango wa Mtoa Habari haukuwa na nyumba nyuma yake. Alikuwa amewapeleka wasomaji pale maelfu ya mara, kwa koma safi na nukta safi, akijivuna.

"Nitawaandika," alisema mwishowe. "Waliokataa, naombeni radhi. Mkinilaumu, mtakuwa na haki."

"Haya, dada," alisema Asegelile. "Basi andika vizuri. Mwaisumo, si Mwaisumu. Yule mtafiti alikuwa anakosea."

Tusekile alicheka, kisha akalia, kisha akaandika. Aliyapanga majina matatu kwa herufi, kwa kuwa rekodi zilizokatwa hazikuonyesha nani alitangulia kusema. Mwaka ndani ya mabano. Mahali, Masoko. Alipobonyeza, spika ilitoa mvumo mdogo ikanyamaza, na kwenye kioo neno Mtoa Habari likaanza kufunguka kwenye muswada mmoja baada ya mwingine, majina yakimiminika mahali pake, mengi kiasi kwamba kioo kilishindwa kuyaonyesha kwa pamoja. Yalikuwa majina ya kawaida kabisa, ya watu ambao ungewakuta mnadani. Aliyatazama yakipita na moyo wake ukajaa fahari ya namna ambayo hakuwahi kuijua, kwa sababu safari hii haikuwa juu yake.

*

Kwa desturi ya Kusomwa, redio ya wilaya hutangaza orodha ya marejeo wiki moja kabla, ili mwenye pingamizi aje. Kwa kawaida haji mtu. Huja wanafunzi waliolazimishwa na wazee wanaopenda chai ya bure.

Tusekile aliingia ukumbini amevaa kitenge chake cha shughuli, akakuta viti vimejaa na watu wamesimama ukutani. Hakujua kama ni watu wa Masoko au ni watu waliosikia kwamba Mkaguzi Mkuu anaenda kuanguka. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alimtazama kwa macho makavu, akasema, si kwa ukali, "Mimi ni wa Isongole. Nilipiga simu juzi, haikupokelewa." Tusekile alimwambia pole, akamwambia kwamba ni yeye aliyefanya hivyo. Mwanamke alibaki kitini.

Kusoma kukaanza. Rejeo la kwanza lilijibiwa na kivuli cha mtaalamu wa wadudu, kwa sauti ya kujisikia, "Nilisema." La pili lilijibiwa na mkutubi mwenye kitabu mkononi. La tatu, la nne, yote yakasimama. Dakta Lugano alikuwa ameinamisha kichwa anayahesabu kwa midomo.

"Mwaisumo, Asegelile, Mwakalinga, Ikupa, Mwankenja, Nsajigwa," Tusekile akasoma. "Mazungumzo ya ana kwa ana, Masoko. Sisimizi huhama shina la mgomba kabla ya mnyauko. Nani anajibu?"

Spika ilikuwa kimya. Mkaguzi huita mara tatu.

"Nani anajibu?"

Mwanamume mmoja mwenye koti la mvua alisimama huko nyuma, akakohoa. "Mwankenja ni babu yangu. Alisema. Alisema mpaka tukachoka, kila ukienda kumsalimu lazima akuonyeshe shina." Watu wakacheka. "Mimi sikujua kwamba liliandikwa mahali," akaongeza, na safari hii hawakucheka.

"Mwankenja amejibiwa," alisema Tusekile. Rejeo halisimami kwa theluthi. "Mwaisumo na Mwakalinga. Naita mara ya tatu. Nani anajibu?"

Profesa Gwamaka alianza kufunga miwani yake kwenye kasha polepole, kama mtu aliyekwisha kusikia hukumu. Ndipo watu waliokuwa mlangoni wakaanza kupisha. Aliingia mwanamke mkongwe sana, anatembea kwa mkongojo, amelowa begani, anamfokea dereva wake kwa kumchelewesha. Hakwenda kuketi. Alisimama katikati ya njia akapumua kwanza.

"Asegelile ni mimi," alisema.

Ilikuwa sauti ileile. Ilikuwa imekwaruza na imepungua, lakini Tusekile alikuwa ameijibu asubuhi nyingi kabla ya chai. Mashine ilimweka pamoja na marehemu kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuuliza kama yu hai. Profesa alisimama, na alipokwisha kusimama ukumbi wote ukasimama.

"Kaeni, mimi si askofu," alisema Asegelile. "Nimesikia redioni naitwa. Nilisema, ndiyo. Nilikuwa msichana tu, ndiyo kwanza nimeolewa. Yule dada alikuja na kifaa chake, tukampa maziwa."

"Ndaga, mama, asante," alisema Tusekile. "Mwaisumo amejibiwa. Na Mwakalinga, je, kuna mtoto wake hapa? Mjukuu?"

"Ikupa hakuzaa," alisema Asegelile. "Wa kumjibia ni mimi. Lakini wewe mwanangu umekosea. Umenisoma mimi kwanza."

"Nilipanga kwa herufi, mama. Sikujua nani alitangulia."

"Alitangulia yeye. Yeye ndiye aliyewaona wale sisimizi, tangu zamani, kabla mimi sijafika kijijini. Ndiye aliyenionyesha. Siku ile alizungumza yeye, mimi nilikuwa naitikia."

Kwa mara ya kwanza tangu apewe dawati, Mkaguzi Mkuu wa Marejeo alisahihisha orodha yake mwenyewe mbele ya watu. Alilishika jina la Mwakalinga kwa kidole juu ya kioo, akalipandisha, na ukumbi mzima ukaliona ukutani likipanda mpaka likakaa mwanzo. Hakuona haya hata kidogo. Alijivuna kuliko siku zote alizowahi kuwa sahihi.

"Mwakalinga, Ikupa," akasoma.

"Alisema," Asegelile akajibu.

"Mwaisumo, Asegelile."

"Niliitikia."

"Mwankenja, Nsajigwa."

"Alisema," akasema mwenye koti la mvua.

"Rejeo limesimama." Dakta Lugano alikuwa anafuta machozi kwa ukingo wa muswada wake. Kule mbele mwanamke wa Isongole alimgeukia Asegelile akamuuliza, kwa sauti ya chini, anakaa upande gani wa Masoko na kama asubuhi huwa nyumbani. Tusekile akafungua rejeo lililofuata, lakini kabla hajalisoma yule mkongwe aligonga sakafu kwa mkongojo.

"Hebu rudi nyuma kidogo," alisema. "Pale kwa Ikupa. Soma tena, polepole."

Tusekile akasoma tena.